Moyo Mpya, Macho Yaleyale

Tarehe 3 Desemba 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard na timu yake walimwekea Louis Washkansky moyo wa Denise Darvall, binti wa miaka 25 aliyekuwa amegongwa na gari. Washkansky aliishi siku 18, akafariki kwa nimonia. Tarehe 2 Januari 1968 Barnard alirudia upasuaji huo kwa Philip Blaiberg, daktari wa meno, ambaye aliishi miezi 19 na hata akapigwa picha akiogelea baharini. Picha hizo zikasambaa duniani kama ushahidi kwamba jambo limewezekana. Siku 18, kisha miezi 19: tangu mwanzo mafanikio ya kupandikiza moyo yalihesabiwa kwa kalenda. Hapakuwa na ubaya wowote, kwani mtu ambaye moyo wake umechoka kiasi cha kushindwa kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni anataka kwanza kuishi, na waganga wake wanataka hivyohivyo. Lakini kipimo kilichozaliwa siku zile ndicho kinachotawala hadi leo, na hoja ya sura hii ni kwamba kipimo hicho kimeyaacha nje macho ya mgonjwa. Dawa zinazoulinda moyo mpya huyaumiza macho kwa njia ambazo sayansi inazijua vizuri, baadhi yake tangu 1960. Uharibifu huo huja polepole, mara nyingi bila maumivu, na kwa kuwa haumo katika hesabu kuu hakuna anayewajibika kuutafuta. Tena nitakwenda mbele zaidi: kuona vizuri ni sehemu ya matokeo ya moyo wenyewe, na anayeyapuuza macho ya mgonjwa huyo anauhatarisha pia ule moyo aliohangaika kuupata.

Kabla ya kuilaumu hesabu inafaa kuipa haki yake, maana ndiyo iliyoufikisha upandikizaji hapa ulipo. Katika mwaka 1968 peke yake hospitali za nchi mbalimbali zilipandikiza mioyo zaidi ya 100. Wengi wa wagonjwa hao walifariki ndani ya miezi michache, na hospitali moja baada ya nyingine zikaacha. Norman Shumway wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, ambaye utafiti wake kwa mbwa ndio uliomtangulia Barnard, hakuacha. Timu yake iliendelea kidogokidogo, ikifuatilia kila kifo na sababu yake, na katika ufuatiliaji huo ikadhihirika kwamba kuushona moyo si kazi inayoshinda watu. Kinachoshinda ni kinga ya mwili, ambayo huutambua moyo kuwa mgeni na kuushambulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Philip Caves, daktari kijana katika timu hiyo, alibuni njia ya kupitisha chombo chembamba katika mshipa wa shingo hadi ndani ya moyo na kuchukua kinyama kidogo cha kuchunguzwa kwa hadubini, ili shambulio lijulikane kabla moyo haujaanza kushindwa. Kisha ikaja saiklosporini, dawa iliyotokana na kuvu wa udongo uliochukuliwa katika uwanda wa juu wa Hardangervidda nchini Norway, na ambayo uwezo wake wa kushusha kinga ulibainishwa na Jean-François Borel na wenzake katika maabara za kampuni ya Sandoz mjini Basel. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1983, hospitali zilizokuwa zimekata tamaa zilirudi kazini.

Matokeo yake yanasomeka katika rejesta ya Jumuiya ya Kimataifa ya Upandikizaji wa Moyo na Mapafu, ambayo imekusanya takwimu kutoka vituo vya mabara mbalimbali kwa miaka mingi. Kwa watu wazima waliopandikizwa kati ya 1982 na 1991, nusu yao walikuwa bado hai baada ya miaka takriban minane na nusu. Kwa waliopandikizwa kati ya 2002 na 2009, muda huo umepanda hadi zaidi kidogo ya miaka 12, na kwa wale waliouvuka salama mwaka wa kwanza, ambao ndio wa hatari kubwa, muda huo unakaribia miaka 15. Wapo waliovuka mbali zaidi. John McCafferty, aliyepandikizwa na Magdi Yacoub katika Hospitali ya Harefield, Uingereza, mwaka 1982, aliishi na moyo ule zaidi ya miaka 33. Kila namba kati ya hizi ni ushindi, na kila moja inabadilisha swali tunalopaswa kuuliza. Katika siku 18 za Washkansky hakuna jicho lililoweza kupata mtoto wa jicho kutokana na dawa. Katika miaka 15 linaweza, na katika miaka 30 lina nafasi tele. Mafanikio yenyewe ndiyo yaliyozaa tatizo jipya, lakini kipimo kimebaki kilekile cha wakati ambapo kumfikisha mgonjwa mwisho wa mwezi kulikuwa habari ya gazeti.

Itasemwa kwamba rejesta haihesabu vifo tu, na ni kweli. Ripoti zake zimezoea kuonyesha pia magonjwa yanayomfuata mpokeaji: shinikizo la damu, figo kudhoofika, kisukari, mafuta kuzidi katika damu, na ule ugonjwa wa mishipa ya moyo uliopandikizwa kuziba taratibu, ambao ulionekana kwa mara ya kwanza waziwazi Blaiberg alipofanyiwa uchunguzi baada ya kufa. Hayo matano yanastahili kuwepo. Yote yanaua, au yanaelekea kuua. Kinachokosekana ni lile linalomwacha mtu hai lakini gizani. Wala pengo hilo halizibwi na utafiti juu ya ubora wa maisha, ambao ungetarajiwa kuwa kimbilio. Dodoso la SF-36, linalotumika sana kwa wagonjwa wa moyo, linamuuliza mtu kama anaweza kupanda ngazi, kubeba vitu vya sokoni, kuoga mwenyewe, kama ana maumivu, kama ana huzuni. Dodoso fupi la EQ-5D linauliza kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu na wasiwasi. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili lenye swali la moja kwa moja juu ya kuona. Dodoso la uoni lipo, lilitengenezwa kwa ufadhili wa Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani na lina maswali 25, lakini makazi yake ni kliniki za macho. Basi mgonjwa anaweza kupata alama nzuri katika kila fomu ya moyo huku ameshindwa kusoma ujumbe wa simu.

Sasa tuangalie kinachotokea ndani ya jicho. Mpokeaji wa moyo huanza maisha yake mapya akitumia dawa tatu kwa pamoja: takrolimasi au saiklosporini, dawa ya kuzuia chembe za kinga kuzaana, na prednisoloni, ambayo ni steroidi. Steroidi zilipoingia hospitalini mwaka 1949, baada ya Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic kuonyesha jinsi kotisoni ilivyowainua kitandani wagonjwa wa baridi yabisi, zilipokewa kwa shangwe, na mwaka uliofuata Hench na wengine wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Miaka kumi baadaye, mwaka 1960, madaktari wa Marekani wakiongozwa na Robert Black waliripoti jambo la kutia hofu: kati ya wagonjwa wa baridi yabisi waliotumia steroidi kwa muda mrefu, zaidi ya theluthi walikuwa na mtoto wa jicho wa aina moja, mahali palepale pamoja, huku wenzao wenye ugonjwa uleule ambao hawakutumia steroidi wakiwa hawana. Ugunduzi huo ulitangulia upasuaji wa Cape Town kwa miaka saba. Waliompa Washkansky steroidi walikuwa wanatumia dawa ambayo madhara yake kwa macho yalikwisha kuchapishwa.

Mahali anapoota mtoto huyu wa jicho pana maana kubwa. Lenzi ya jicho ni kama tonge dogo la kioo laini lililofungwa ndani ya utando. Uzee kwa kawaida huanza kuigeuza rangi katika kiini chake, polepole, kwa miaka mingi. Steroidi hufanya vingine: chembe za pembeni ya lenzi huhama kutoka zilikopaswa kukaa, zikajikusanya nyuma, chini ya utando, katikati kabisa ya njia ya mwanga. Doa lenyewe laweza kuwa dogo. Lakini juani, mboni inapojikaza, mwanga wote hulazimika kupita palepale penye doa, na mgonjwa huona ukungu mweupe na mng'ao unaokera. Jioni mboni inapopanuka, mwanga hupita pembeni na mambo hurudi kuwa afadhali. Vivyo hivyo kusoma kwa karibu huwa kugumu kuliko kutazama mbali, kwa sababu mboni hujikaza pia jicho linapotazama kitu cha karibu. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii anaweza kukaa katika chumba chenye mwanga hafifu, akasoma herufi za chati ukutani hadi mistari ya chini, akaambiwa macho yake ni mazima, kisha akatoka nje saa sita mchana asione gari linalokuja. Kipimo kibovu humfanya aonekane mtu wa kulalamika.

Mtoto wa jicho angalau hujitangaza. Presha ya jicho, ile inayoitwa pia glakoma, haijitangazi. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati kupitia kichujio kidogo kwenye kona kati ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na ile sehemu ya rangi. Steroidi hukifanya kichujio hicho kuwa kizito. Maji hutoka kwa shida, presha hupanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo hubanwa hadi nyuzi zake zinakufa, kuanzia zile za uoni wa pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, majaribio ya Mansour Armaly na ya Bernard Becker nchini Marekani yalionyesha kwamba, kwa watu wa kawaida waliowekewa matone ya steroidi kwa wiki kadhaa, takriban theluthi presha yao ilipanda kiasi na kama mmoja katika ishirini ilipanda vibaya. Vidonge huipandisha kwa kiasi kidogo kuliko matone, na hilo lazima lisemwe. Lakini wiki za majaribio yale si kitu mbele ya miaka ya mpokeaji wa moyo. Kuna mfanano hapa unaonigusa kila ninapousoma. Moyo uliopandikizwa umekatwa neva zake, hivyo mishipa yake ikiziba mgonjwa mara nyingi hasikii yale maumivu ya kifua yanayomkimbiza mtu mwingine hospitalini. Madaktari wa moyo wanalijua hilo, na kwa sababu hiyo wanauchungulia moyo huo kwa ratiba bila kungoja malalamiko. Jicho lenye presha nalo halisemi. Kanuni iliyokubaliwa kwa moyo imekataliwa kwa jicho bila mtu yeyote kueleza kwa nini.

Yapo na mengine, ambayo ni nadra zaidi na nitayapitia haraka. Kinga ikishushwa, virusi vya saitomegalo, ambavyo wengi wetu tunavyo mwilini bila habari, vinaweza kuamka na kuila retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Dawa za kinga kama valgansikloviri zimelipunguza hilo sana. Kimelea cha toksoplazma kina uhusiano wa pekee na upandikizaji wa moyo, kwa sababu hujificha ndani ya misuli, na moyo ni msuli: mtoaji anaweza kumpa mpokeaji moyo pamoja na kimelea, nacho baadaye kikavamia jicho au ubongo. Vidonge vya septrini, ambavyo msomaji wa Afrika Mashariki anavijua vizuri, husaidia kuzuia hilo. Takrolimasi na saiklosporini zenyewe, mara chache, huvuruga sehemu ya nyuma ya ubongo inayotafsiri picha, na mtu akapoteza uoni ghafla wakati macho yake hayana kasoro. Kwa kawaida uoni hurudi dawa ikipunguzwa au kubadilishwa, mradi kuna mtu aliyelitambua tatizo mapema. Juu ya yote, prednisoloni na takrolimasi huchangia kisukari, na kisukari kina njia yake ya kuiharibu retina.

Pingamizi la kwanza ni lile zito kuliko yote, na linatoka kwa watu wenye huruma: maisha kwanza. Mgonjwa aliyekuwa na wiki chache za kuishi angekubali mtoto wa jicho kwa furaha, na kumletea habari za macho wakati anapigania pumzi ni kukosa adabu. Naukubali mpangilio huo. Katika wiki za mwanzo, shambulio la kinga linaweza kuua, na hakuna daktari wa macho mwenye akili anayetaka steroidi zizuiliwe wakati huo. Lakini pingamizi hili linachanganya mambo mawili: linatuambia kipi kitangulie, halituambii kwamba kinachofuata kisifuatwe kamwe. Historia yenyewe inalijibu. Hapo zamani prednisoloni ilikuwa ya maisha. Kwa kuwa baadhi ya watafiti walisisitiza kuhesabu madhara yake, mifupa kudhoofika, sukari kupanda, macho kufifia, vituo vilianza kujaribu kuipunguza na kuiondoa. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2011, wagonjwa 150 waliondolewa steroidi ndani ya wiki tisa hivi baada ya upasuaji, na kundi lililoachwa na takrolimasi peke yake lilifanya vizuri sawa na lile lililoongezewa dawa ya pili. Wagonjwa wale walichaguliwa, na si kila mpokeaji anaweza kuachishwa. Mwenye historia ya mashambulio huhitaji ulinzi zaidi. Hata hivyo somo ni wazi. Njia ya kumlinda mtu kwa dawa chache zaidi ilipatikana kwa sababu kuna waliokataa kuridhika na kuwa hai tu.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu. Wapokeaji wengi wa moyo ni watu wa miaka 50 na zaidi, wengi wana shinikizo la damu, wengine kisukari. Mtoto wa jicho angewajia hata bila upandikizaji; utajuaje kwamba ni dawa? Swali ni la haki, na kwa jicho mojamoja huenda lisijibike. Kwa kundi linajibika. Mahali pa doa, nyuma ya lenzi, panaelekeza kidole. Umri ambao doa huonekana nao huelekeza, kwa maana watoto na vijana waliopandikizwa hupata mtoto wa jicho ambao wenzao wa rika hilo hawapati. Lakini hata tukikubali kwamba nusu ya lawama ni ya uzee, pingamizi hili linageuka na kuwa hoja yangu. Kama mtu tayari ana sababu tatu za kupoteza uoni na sisi tunamwongezea ya nne, basi huyo ndiye anayehitaji kupimwa kuliko wote. Mwongozo wa kimataifa wa 2010 wa kuwahudumia wapokeaji wa moyo ulipendekeza wenye kisukari wapimwe macho kila mwaka. Pendekezo zuri. Ila linaingiza macho kupitia mlango wa kisukari, na mpokeaji ambaye sukari yake ni nzuri lakini amekunywa prednisoloni miaka sita anabaki nje ya mlango.

Wa tatu watasema mtoto wa jicho si janga tena. Tangu Harold Ridley alipomwekea mgonjwa lenzi ya bandia katika Hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1949, upasuaji huo umekuwa miongoni mwa ulio salama zaidi duniani, wa dakika chache, na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nakubali, na ni vizuri mpokeaji yeyote ajue kwamba ukungu wake unaondolewa. Lakini jibu hili linafaa mahali penye daktari wa macho, penye uwezo wa kulipa, na kwa mgonjwa ambaye mtu amemwambia kwamba tatizo ni lenzi. Pia halifai hata kidogo kwa presha ya jicho. Uzi wa neva uliokufa haurudishwi na upasuaji wowote, wala miwani, wala pandikizo. Konea ndiyo inayopandikizwa, na imekuwa ikipandikizwa tangu Eduard Zirm alipofanikiwa mwaka 1905, miaka 62 kabla ya moyo. Hadi leo hakuna anayeweza kupandikiza jicho zima likaona. Katika jicho, muda wa kuzuia ukipita umepita.

Nimesema kuona ni sehemu ya matokeo ya moyo, na sasa nilipe deni hilo. Maisha ya mpokeaji yanategemea vidonge vinavyomezwa kwa saa zilezile kila siku, asubuhi na jioni, bila kuruka. Kuruka au kukosea dozi ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za moyo kushambuliwa miaka mingi baada ya upasuaji, wakati kila mtu ameshadhani hatari imepita. Takrolimasi hutolewa katika vidonge vya nusu miligramu, miligramu moja na miligramu tano. Dozi hubadilishwa mara kwa mara kufuatana na kiwango kinachopimwa katika damu, na kiwango kinachofaa ni chembamba: kikishuka moyo hushambuliwa, kikizidi figo huumia. Mgonjwa hupigiwa simu, anaambiwa kuanzia leo ongeza nusu asubuhi, na anabaki peke yake mezani na vikopo vitatu na maandishi madogo. Anayeona vizuri ataweza. Ambaye katikati ya lenzi zake kuna doa, chini ya taa kali aliyoiwasha ili aone vizuri zaidi, ndiye anayeona vibaya zaidi. Kama akibahatisha, rejesta itaandika shambulio la kinga, na baadaye pengine kifo kutokana na moyo. Kisababishi cha kwanza hakitakuwa na safu ya kuandikwa. Hapo ndipo hesabu inayojivunia kuufuatilia moyo inapoupoteza moyo wenyewe.

Kwa mtoto mchanga mambo ni mazito kuliko haya. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, na jicho lililozibwa na ukungu wakati huo linaweza kupuuzwa na ubongo moja kwa moja, hata lenzi ikisafishwa baadaye. Mtoto hajui kwamba wengine wanaona vinginevyo, hivyo hatalalamika. Mzazi aliyekesha wodini kwa ajili ya moyo hana sababu ya kushuku macho, isipokuwa ameelezwa.

Afrika Mashariki bado haina huduma ya kawaida ya kupandikiza moyo, na msomaji anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kupitia figo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, Kenya ilikuwa imeanza zamani zaidi, na wako wengi wa kanda hii waliopandikizwa India na kurudi nyumbani na mfuko wa dawa. Dawa hizo ni zilezile: takrolimasi, prednisoloni na mwenzake wa tatu. Macho ni yaleyale, na jua letu, kwa mtu mwenye doa nyuma ya lenzi, ni kali kuliko la Stanford. Kuna na jambo la pili ambalo wataalamu wa macho wa kanda hii wanalijua kwa uchungu: matone ya steroidi hununuliwa dukani bila cheti na kutumiwa kwa miezi kwa macho yanayowasha, hasa kwa watoto wenye mzio, na baadhi yao huletwa kliniki neva ikiwa imekwisha. Kundi hilo ni kubwa kuliko wapokeaji wetu wote wa viungo, na elimu inayohitajika kuwalinda ni ileile.

Hofu moja ninaichukua kwa uzito mkubwa. Mtu akisoma sura hii anaweza kuamua kuitupa prednisoloni yake. Asifanye hivyo. Mwili uliozoea steroidi kwa muda mrefu huacha kutengeneza zake, na kuikata ghafla kunaweza kumwangusha mtu kwa siku chache, mbali ya hatari ya kiungo kushambuliwa. Kupunguza ni kazi ya daktari anayeweza kupima kiwango cha dawa na kuona dalili za shambulio. Kinachofaa kudaiwa na mgonjwa ni kupimwa macho, na dai hilo halipunguzi dozi hata kwa miligramu moja.

Gharama ndiyo inayobaki, na ni ndogo ukiilinganisha na kila kitu kilichotangulia. Darubini ya kuangalia lenzi kwa mwanga mwembamba, kifaa cha kupima presha, matone ya kupanua mboni ili retina ionekane: vyote vimo katika kliniki yoyote ya macho ya hospitali ya rufaa, na uchunguzi wenyewe si mrefu, hata pamoja na kusubiri mboni ifunguke. Upimwaji mmoja uwe kabla ya upandikizaji, ili baadaye ijulikane kipi kilikuwepo na kipi kimeletwa na dawa. Wa pili uwe ndani ya miezi sita ya kwanza, wakati dozi za steroidi ziko juu na presha hupanda. Baada ya hapo kila mwaka, au mapema zaidi kwa mwenye kisukari na kwa mtoto. Katika fomu ya mwaka ya rejesta zingetosha safu tatu za kuanzia: hali ya lenzi, presha ya kila jicho, na uoni uliopimwa mara mbili, katika mwanga hafifu na katika mwanga mkali. Waliopandikizwa figo Dar es Salaam na Dodoma bado si wengi, na wanarudi kliniki kwa tarehe zinazojulikana. Kwao kazi hii inaweza kuanza na kila mmoja, pamoja na wale waliopandikizwa mwaka 2017.